Maziwa Bila Mtoto

Nawasalimu ninyi mlio jikoni na redio iko dirishani, ninyi mlio dukani, na wewe dereva uliyeegesha gari ukingoja abiria. Karibuni tukae pamoja kwa dakika hizi chache.

Leo nimechagua jambo ambalo katika makanisa yetu husemwa kwa kunong'ona, tena nyuma ya mgongo wa mwenyewe. Nataka tuzungumze juu ya mwanamke ambaye hedhi yake imepotea kabla ya umri wa kukoma, na mimba haiji. Kama wapo watoto wa kike karibu na redio, tafadhali msiwatoe nje. Msichana wa miaka 15 ana haki ya kuyasikia haya mapema, kabla hajaolewa na kuanza kuulizwa maswali na mama mkwe.

Hebu tuwafikirie wanawake wawili. Siwataji kwa majina kwa sababu ni mfano tu, lakini nadhani wengi wenu mtasema moyoni, "Huyu namjua."

Wa kwanza ni mwalimu wa shule ya msingi, ameolewa miaka minne sasa. Hedhi yake huja mara tatu au nne tu kwa mwaka. Kidevuni ameota ndevu, naye huamka alfajiri azinyoe kabla mumewe hajafungua macho. Uso una chunusi kama wa kijana wa shule, na kiuno kimenenepa ingawa chakula chake si kingi kuliko cha wenzake.

Wa pili ni msichana wa kwaya, bado hajaolewa. Huu ni mwezi wa nane hajaona siku zake. Kichwa humuuma mara kwa mara. Siku moja akioga anaona maziwa yanatoka katika matiti yake. Hajazaa, hajapata mimba, wala hajamjua mwanamume. Anajifuta haraka na kunyamaza, lakini Jumapili moja blauzi inalowa akiwa katikati ya wimbo, na mama aliye karibu naye anaona.

Mnajua yanayofuata. Wa kwanza ataambiwa amefungwa tumbo, au kuna mtu kwao alilaaniwa. Wa pili, maskini, mambo yake ni mabaya zaidi. Watu watauliza, "Mtoto yuko wapi? Amemtupa wapi?" Wazee watamwita. Ataondolewa kwaya, atasimamishwa asishiriki meza ya Bwana mpaka aungame. Je, ataungama nini? Hana la kuungama. Alicho nacho ni ugonjwa ambao daktari angeweza kuutambua kwa chupa ndogo ya damu.

Mnamkumbuka Hana, mama yake Samweli. Alipokuwa akiomba kule Shilo, midomo yake ikitikisika bila sauti kusikika, kuhani Eli alimtazama akadhani amelewa. Mtumishi wa Mungu aliona dalili kwa macho yake mwenyewe, akaipa jina lisilo lake. Sifa ya Eli ni kwamba alipoelezwa alisikiliza. Ninyi wazee wa kanisa na viongozi wa umoja wa akina mama, nawaomba mnipe sikio kama Eli alivyompa Hana, maana nataka kueleza kilichomo ndani ya miili ya hawa wawili.

Ndani ya kichwa, nyuma ya pua na chini ya ubongo, kuna kishimo katika mfupa. Ndani ya kishimo hicho imekaa tezi iitwayo pituitari. Ukubwa wake ni kama punje ya njegere, na uzito wake ni karibu nusu gramu. Lakini msiidharau. Ni kama karani wa ofisi kuu ambaye barua zake huenda kila pembe ya wilaya. Barua hizo ndizo homoni, nazo husafiri katika damu. Moja huiamuru tezi ya shingoni, ile ambayo ikivimba husemwa mtu ana rovu. Nyingine humfanya mtoto arefuke. Mbili huenda kwenye ovari, yaani vile viungo viwili vya mwanamke vinavyotunza mayai: moja hulikuza yai, nyingine hulifungua litoke. Na iko moja iitwayo prolaktini, ambayo kazi yake kubwa ni kuyatengeneza maziwa mama anapojifungua.

Kwa hiyo hedhi ikipotea, huenda kosa liko kwenye ovari, au huenda liko kwa karani. Ukitazama kwa mbali utaona moshi wa aina moja ukifuka, nawe hujui ni nyumba ipi inayoungua.

Tuanze na yule mwalimu. Ugonjwa wake unafanana na ule ambao hospitalini utausikia ukiitwa PCOS. Mwaka 1935 madaktari wawili wa mji wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika habari za wanawake saba waliokuwa na hedhi chache au hawana kabisa, na ovari zao zilikuwa kubwa zimejaa vifuko vidogo vidogo. Waliwapasua na kuondoa kipande cha kila ovari. Hedhi ikawarudia wote saba, na wawili walipata mimba. Siku hizi ziko dawa, na hatuanzi tena kwa kisu, lakini jina la vifuko limebaki, nalo limewatia watu hofu bure. Vile si uvimbe. Ni vijumba vya mayai ambavyo vilianza kukua, vikasimama njiani kabla havijakomaa. Hakuna haja ya kuvitoa, na yeyote anayekuuzia majani ya "kuyeyusha vifuko" anakuuzia kitu cha kutibu kisicho ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe uko katika homoni. Ovari hutengeneza homoni za kiume kupita kiasi, ndiyo maana ya ndevu na chunusi. Mara nyingi insulini nayo, ile inayoitunza sukari ya mwili, huwa nyingi katika damu kwa sababu mwili hauitikii vizuri, na wingi huo huichochea ovari zaidi. Na karani wetu wa kichwani hakai kimya. Katika PCOS pituitari hutuma ile barua ya kufungua yai mara nyingi mno, kama mtu anayebisha hodi bila kupumzika hata mwenye nyumba akashindwa kufungua. Hapo pituitari imeingia katika jambo hili, lakini sikilizeni vizuri: haina uvimbe. Imevurugika mwendo wake tu. Wala hatuna ushahidi kwamba PCOS huzaa uvimbe kichwani. Mwenye ugonjwa huu asilale akiogopa hilo.

Tena si ugonjwa wa watu wachache. Ni karibu mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa. Shirika la Afya Duniani husema kwamba huenda hata asilimia 70 ya walio nao hawajui. Hesabu mwenyewe viti vya akina mama kanisani kwako Jumapili ijayo.

Sasa tumgeukie msichana wa kwaya. Kwake yeye barua ya maziwa imetumwa wakati hakuna mtoto. Prolaktini ikijaa katika damu, mwili hudhani kuna mtoto anayenyonya, na ubongo huzuia zile barua za ovari, kama vile mama anayenyonyesha usiku na mchana anavyoweza kukaa miezi mingi bila hedhi. Ni hekima ya maumbile, ila imekuja kwa mtu asiyestahili. Sababu mojawapo ni uvimbe mdogo katika pituitari wenyewe unaotengeneza prolaktini. Madaktari huuita prolaktinoma, na katika uvimbe wa pituitari unaotoa homoni, huu ndio unaoonekana zaidi.

Najua nimesema neno la kuogofya. Uvimbe wa kichwani ukitajwa katika kijiji, watu huanza kuitisha mchango kabla mgonjwa hajarudi kutoka kliniki. Ngojeni kwanza. Uvimbe huu karibu kila mara si saratani. Ulio chini ya milimita 10 huitwa mdogo, na wanawake wengi huwa na huo mdogo, ambao mara nyingi haukui zaidi. Ulio mkubwa ndio unaoweza kusukuma mishipa ya macho, kwa maana mishipa hiyo hupita juu kidogo ya tezi hii. Mtu wa namna hiyo huona vizuri mbele lakini hupoteza pembeni. Hujigonga kwenye fremu ya mlango. Huvuka barabara asiione pikipiki inayotokea upande. Akianza hivyo asiende kununua miwani sokoni, aende hospitali. Na kichwa kikimpasuka ghafula, akatapika na macho yakaingia giza, apelekwe usiku huo huo.

Hapa ndipo penye jambo lililonifanya niwaletee mazungumzo haya. Hawa wawili niliwapambanua mimi kwa kuwapa mmoja ndevu na mwingine maziwa. Katika maisha Mungu hakuwapanga wagonjwa hivyo. Wengi wenye prolaktini nyingi hawatoki maziwa hata tone. Wako wanaonenepa. Wako wenye chunusi. Mwanamke huyo akifika kliniki yenye foleni ndefu, akasema, "Sioni siku zangu na sipati mimba," akapigwa picha ya altrasaundi, na vijumba vya mayai vikaonekana vingi, ni rahisi aandikiwe PCOS na kupewa vidonge vya kupanga uzazi ili "hedhi irekebishwe." Naam, damu itakuja kila mwezi. Atashukuru. Lakini damu ile imeletwa na kidonge, na ule uvimbe kichwani unaendelea na shughuli zake. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa.

Picha ya ovari peke yake haitoshi. Wataalamu waliokutana Rotterdam mwaka 2003 walikubaliana kwamba mtu ahesabiwe kuwa na PCOS akiwa na mambo mawili katika haya matatu: hedhi isiyo na mpango, homoni za kiume nyingi, au ovari zenye vijumba vingi. Lakini waliweka sharti ambalo watu hulisahau: kwanza magonjwa mengine yanayofanana nayo yaondolewe. Prolaktini ipimwe. Tezi ya shingoni ipimwe. Na kabla ya yote, mimba ipimwe, hata kama mwenyewe anaapa haiwezekani. Miongozo iliyotolewa baadaye, hata ule wa mwaka 2023, haikuliondoa sharti hilo.

Zamani madaktari wengi waliamini kwamba PCOS yenyewe hupandisha prolaktini kidogo, kwa hiyo walipoiona imepanda hawakushtuka. Siku hizi maoni yamegeuka. Prolaktini ikipanda kwa mwenye PCOS, itafutwe sababu nyingine. Yawezekana mtu mmoja akawa na magonjwa yote mawili, kama vile mtu aweza kuwa na malaria na jino bovu wiki moja. Hilo moja halikumzaa lile jingine, na kila moja linahitaji dawa yake.

Lakini pia msikimbilie kusema uvimbe kila prolaktini inapopanda. Wasiwasi huipandisha. Mazoezi huipandisha, na hata uchungu wa kudungwa sindano. Kwa hiyo ikipanda kidogo irudiwe siku nyingine, mgonjwa akiwa ametulia. Ziko dawa zinazoipandisha sana: baadhi ya dawa za wagonjwa wa akili, na dawa ya kutapika iitwayo metoclopramide ambayo wengi humeza bila kuuliza. Ndugu yetu anayetumia dawa za akili asiziache kwa sababu ya maneno yangu. Amwambie daktari wake. Kisha kuna tezi ya shingoni. Ikilegea kazi, pituitari hupiga kelele kuiamsha, prolaktini hupanda pamoja nayo, na wakati mwingine pituitari hufura hata katika picha ikaonekana kama ina uvimbe. Mtu huyo akipewa vidonge vya tezi ya shingoni tu, uvimbe ule hunywea. Fikirini hasara ya kumpasua kichwa mtu wa namna hiyo.

Kwa mwanamke asiye na mimba, maabara nyingi huhesabu prolaktini iliyo chini ya nanogramu 25 katika mililita moja ya damu kuwa ya kawaida. Ikipita 250, mara nyingi ni prolaktinoma. Katikati hapo ndipo panapohitaji daktari mwenye subira. Ile picha ya MRI ya kichwa huja baada ya hesabu hizi. Ni ya gharama, na watu wengi wazima hutembea na kauvimbe kadogo katika pituitari kasikowadhuru kitu. Ukianza na picha waweza kukaona hako, ukamtia mtu hofu ya bure.

Kuna aina nyingine mbili za uvimbe wa pituitari zinazoweza kuvaa nguo za PCOS, nazo ni adimu sana, nitazitaja kwa upesi. Moja ilielezwa na daktari mpasuaji wa Marekani, Harvey Cushing, mwaka 1932. Mwanamke hunenepa usoni na tumboni huku mikono na miguu ikikonda, hupata mistari mipana ya zambarau tumboni, ngozi huchubuka kwa kugusa tu, na huota ndevu. Ya pili hutoa homoni ya kukua: pete haivuliki tena kidoleni, kiatu cha mwaka jana hakiingii, taya linatokeza. Mkimwona mtu amebadilika hivyo, msimcheke.

Habari njema ni kwamba magonjwa haya yana dawa. Prolaktinoma, hata iliyo kubwa, mara nyingi hutibiwa kwa vidonge, wala si kwa kisu. Iko bromocriptine inayomezwa kila siku, na cabergoline inayomezwa mara moja au mbili kwa wiki. Prolaktini hushuka, uvimbe hunywea, hedhi hurudi. Hapo tahadhari, maana yai laweza kutoka hata kabla hedhi ya kwanza haijaonekana, na asiyetaka mimba akashangaa. Dawa hizi huleta kichefuchefu na kizunguzungu, kwa hiyo humezwa na chakula wakati wa kulala. Na jambo moja ambalo watu wa nyumbani wanapaswa kulijua: wachache wakizitumia hushikwa na tamaa wasiyoizoea, ya kamari, ya kununua vitu ovyo, au ya mwili. Mkiona hivyo kwa mtu aliyekuwa mtulivu, mwambieni daktari kabla hamjamwambia mchungaji. Dawa zikishindwa, wapasuaji huufikia uvimbe kwa kupitia puani.

PCOS haina dawa ya kuimaliza moja kwa moja, lakini inatawaliwa. Kutembea na kupunguza uzito hata kidogo huweza kuirudisha hedhi. Sukari ipimwe, kwa kuwa ugonjwa wa kisukari humfuata mwenye PCOS kwa karibu. Anayetaka mtoto hupewa letrozole. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 kwa wanawake 750, waliopewa dawa hiyo walijifungua kwa asilimia 27.5, na waliopewa clomiphene, dawa ya zamani, asilimia 19.1. Na asiyetaka mtoto pia asikae mwaka mzima bila hedhi akisema amepumzika. Ukuta wa tumbo la uzazi usiposafishwa kwa muda mrefu huweza kugeuka saratani, ndiyo maana madaktari hutoa dawa ya kuiteremsha damu angalau kila miezi mitatu.

Nanyi akina baba mliotulia mkidhani haya ni ya wake zenu: prolaktinoma huwapata wanaume pia. Haiwatoi maziwa mara nyingi. Huwaondolea nguvu za kiume na mbegu, nao hunyamaza mpaka uvimbe umekuwa mkubwa na macho yameanza kufifia. Mume na mke waende kliniki pamoja, wapimwe wote wawili. Mwanamume anayemtuma mkewe peke yake kwa miaka minne huku yeye hajatoa hata tone la damu hana haki ya kusema lolote juu ya tumbo la mtu.

Wewe binti unayesikiliza kwa kujificha, nina kazi ya kukupa. Chukua daftari. Andika tarehe ya hedhi yako ya mwisho, na zile zilizotangulia kadiri unavyokumbuka. Andika kila dawa unayomeza, hata ya kienyeji, hata sindano ya kupanga uzazi. Andika kama maziwa hutoka, kama kichwa huuma, kama macho yamebadilika. Ndevu unazonyoa, zitaje. Daktari haoni kilichonyolewa. Nenda hospitali ya kaunti, na ukiambiwa una PCOS, uliza kwa adabu, "Daktari, prolaktini imepimwa? Tezi ya shingoni je?" Kama zimepimwa, utaonyeshwa karatasi. Kama bado, atakuandikia.

Na ukishapata mimba ukiwa bado unameza dawa ya prolaktini, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Mwambie daktari wiki hiyo hiyo, kwa maana walio wengi huambiwa waiache, kisha huangaliwa kichwa na macho mpaka siku ya kujifungua. Baadaye, wengi huruhusiwa kumnyonyesha mtoto wao.

Dakika zetu zimekwisha. Kwaherini.